Mikia Matopeni: shajara ya kijitabu cha hadithi, Dodoma 2024

15 Juni 2024: Kosa jekundu

Mwishoni mwa Mei binti yangu wa darasa la tano alipewa kazi ya nyumbani: muulize mzee wa kwenu jina la Dodoma lilitoka wapi. Akampigia simu bibi yake, mama yangu mzazi, aliyeko kijijini Mvumi. Bibi akamsimulia ile ya ng'ombe. Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakachinja, wakala nyama yote, wakabakiza mikia. Wenye mali walipofika wakifuata nyayo, walikuta mikia imechomekwa kwenye tope la kinamasi, na wenyeji wamesimama kando kwa huzuni. "Ng'ombe wenu ndio hao, jamani. Idodomya." Kwa Cigogo, lugha ya Wagogo, imezama.

Daftari lilirudi na kosa jekundu. Jibu lililotakiwa ni la tembo: alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa, akadidimia, watu wakashangaa, "Idodomya!"

Mama alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu mwenyewe wa wapi?"

Mimi nina steshenari Chang'ombe ya hapa Dodoma. Nadurufu, naprinti, najalidi tasnifu za wanachuo. Mashine ninazo, kwa hiyo nimeamua kutengeneza kijitabu cha hadithi za huku kwetu, ya Dodoma ikiwa mbele. Bajeti: shilingi 100,000. Naandika shajara hii ili mwenye kutaka kufanya hivi kwao asirudie makosa yangu. La kwanza nimeshalifanya, nimeanza kwa hasira.

Lengo kwa leo: kulipata toleo la asili na kumpelekea mwalimu.

(Sentensi hiyo nimeiacha kama ilivyo. Endelea hadi Agosti uone ilivyonigeuka.)

29 Juni: Mvumi, safari ya kwanza. Kazi bure

Nilipanda basi la asubuhi nikiwa na simu, daftari na maswali kumi na moja yaliyopigwa chapa. Saa sita mchana nilikuwa nimeketi chini ya mbuyu na wazee wanne. Nilirudi na rekodi za saa mbili ambazo hazifai hata kidogo.

Kosa la muda. Juni ni mavuno. Watu wanapura uwele na kupepeta, na wewe unawaita wakae kitako. Zaidi ya hapo, hadithi haisimuliwi mchana. Mama mkubwa alinitazama kama mtu aliyepotea njia: "Hadithi jua likiwa utosini? Unataka tuote pembe?"

Kosa la upepo. Anayeijua Dodoma ya miezi hii anajua. Dakika ishirini za mzee mmoja anayesimulia vizuri ajabu, na kinachosikika ni vuuu tupu, mara moja moja neno "fisi".

Kosa la swali, ambalo ndilo kubwa. Niliuliza: "Je, unafahamu asili ya jina la Dodoma?" Wote wanne wakajibu tembo, karibu kwa maneno yaleyale. Mmoja akaongeza kwamba mji ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1907 wakati wa kujenga reli ya kati. Ni kweli, ila hiyo ni sentensi ya ubaoni. Nilikuwa nimeuliza swali la mtihani, nikapewa jibu la mtihani. Hata mama yangu, niliyemkalisha mstari mmoja na wenzake, alisema tembo! Nikamkodolea macho, naye akaangalia kando.

Gharama: nauli kwenda na kurudi 6,000, bodaboda 4,000, sukari na majani ya chai ya kuingilia mlangoni 9,000.

20 Julai: Mbalamwezi

Safari hii nilichagua mwezi unaokaribia kujaa na nikajiandaa kulala. Niliongozana na mteja wangu mmoja, mwanachuo wa fasihi kutoka Mwanza, kijana mpole aliyejitolea kushika simu.

Marekebisho ya sauti, kwa wanaotaka kuiga: valisha simu soksi safi ya mtoto, iweke ndani ya kapu lililotandikwa khanga, kapu likae upande wa ukuta usiopigwa na upepo, hatua mbili tu kutoka kwa msimulizi. Zima mtandao wa simu. Sisi hatukuzima, na katikati ya hadithi ya kwanza akapiga mteja kuuliza kama nimefungua. Rekodi ikakatika.

Maswali nilikuwa nimeyaacha nyumbani. Badala ya kuuliza nikaanza kusimulia mimi, ile ya kiangazi ambapo wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kuchimba kisha anakuja kuiba maji usiku. Mimi si msimulizi. Nilipofika kwenye kukamatwa nikasema fisi ndiye aliyemkamata. Watoto wakapiga kelele, "Kobe! Kobe!" Mama mkubwa akaninyang'anya hadithi palepale: ni kobe, alijipaka ulimbo mgongoni, akajilaza majini, sungura akadhani ni jiwe, akakanyaga, akanasa. Kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Tulikaa mpaka saa tano usiku, ukimsikia huyu amemaliza, yule anasema "Hadithi hadithi!" na uwanja mzima unaitika "Hadithi njoo!"

Kwa hiyo, ukitaka hadithi, simulia yako na uikosee. Mimi niliikosea kwa bahati mbaya, lakini tangu siku hiyo naikosea makusudi.

Yule mwanachuo alinieleza asubuhi, wakati wa chai, kwamba sungura huyu aliyenaswa alivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Joel Chandler Harris alichapisha visa vyake Marekani mwaka 1880. Humo Mbweha anatengeneza mwanasesere wa lami na kumweka kando ya njia. Sungura anamsalimu, mwanasesere haitikii, Sungura anakasirika kwa kukosewa adabu, anampiga ngumi na mkono unanata. Kisima hakimo kabisa, salamu ndiyo imekaa mahali pake. Mama alipotafsiriwa alitikisa kichwa kukubali. Asiyeitikia "Mbukwenyi" hata hapa angepigwa.

Sasa jambo lililobadilisha kazi yote. Jioni ile, kijana akiwa amekaa na kapu lake, mama alisimulia jina la Dodoma kwa hiari yake, na akasema tembo. Saa nne kijana akaenda kulala. Mjukuu mmoja akadai, "Bibi, ile ya mikia." Akaisimulia hiyo, kwa vicheko, akiigiza Mhehe anavyokuna kichwa.

Nilimuuliza tukiwa jikoni. "Mama, mbona mwanzo ulisema tembo?"

"Yule si mgeni?" akasema. "Wewe utamwambia mgeni kwamba babu yako alikuwa mwizi?"

Gharama: zilezile, pamoja na memori kadi 15,000.

3 Agosti: Nimefuta lengo

Toleo la asili nimeachana nalo. Mtu mmoja, usiku mmoja, uwanja uleule, ana hadithi mbili, na zote anazijua tangu utotoni. Nitamwambia mwalimu ipi ni ya kweli? Tembo ni hadithi ya sebuleni. Ng'ombe ni ya jikoni. Mtoto wangu aliibeba ya jikoni akaipeleka shuleni.

Nimetengeneza jedwali upya. Awali lilikuwa na safu mbili tu, hadithi na kijiji. Sasa lina sita: nani anasimulia (umri na alikokulia, jina siandiki), anamsimulia nani, ni wakati gani wa siku, kwa lugha gani, yeye aliisikia wapi, na nani anachekwa ndani yake. Safu ya mwisho imeongezwa na binti yangu, na naona ndiyo inayofanya kazi kuliko zote.

Nilirudi Mvumi mara ya tatu kujaza mapengo ya safu hizo. Hakuna cha kusimulia, ila nauli na sukari zimelika tena.

Safu ya binti yangu ilipata chakula wiki hii. Mzee mmoja kutoka Iringa, mteja anayekuja kudurufu hati za kiwanja, aliona karatasi mezani akasoma kichwa cha habari. Akacheka. "Mtani, hiyo mmeikata mwisho." Kwao, akasema, Wahehe waliivuta ile mikia. Ikatoka kirahisi, mikavu, haina hata damu. Wakatazamana, wakasema asante, wakaondoka kimya kimya na mikia yao mkononi ili wajue idadi ya kurudi kudai. Kwa Mgogo, Mhehe amedanganyika. Kwa Mhehe, Mgogo ndiye aliyedhani amedanganya. Nimeandika toleo hilo lote, na sikumtoza fotokopi.

24 Agosti: Paa aliyenipotosha

Hili kosa limenigharimu usiku mzima wa kuchapa, basi nitalieleza kirefu.

Mzee mmoja anayeuza mbegu karibu na soko la Sabasaba alinisimulia kwa Cigogo hadithi ya maskini anayepekua jalala na paa anayemtajirisha. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani kama zawadi ya bwana wake, anamposea binti, anaua nyoka wa vichwa saba ili bwana apate nyumba. Mwishoni paa anaugua, na yule bwana anamdharau. Paa anaamka usiku, anarudi porini, na mvua inamfuata nyuma. Maskini anabaki na nyumba kubwa na visima vitupu.

Nilisisimka. Cigogo safi, mwisho wa mvua, nini zaidi? Nikaichapa na kuipa kichwa: "Hadithi halisi ya Kigogo." Simu, kwa upande wake, ilikuwa ikisahihisha Cigogo changu kuwa Kiswahili kila ninapopumua, ikabidi nizime kamusi yake. Nilimaliza saa nane usiku.

Kesho yake mwanachuo wangu akaisoma. "Dada, huyu sultani katoka wapi Ugogo? Huku si kulikuwa na watemi?"

Kweli. Na almasi? Akanionyesha kwenye simu yake: kisa hicho kimo katika hadithi za Unguja zilizochapishwa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza. Humo maskini anampata paa kwa thumuni aliyoiokota jaani. Paa anafanya yote hayo, anaugua, bwana anaamuru apewe uji wa mtama kana kwamba ni kitu cha kutupwa, paa anakufa. Bwana anaamka asubuhi yuko palepale jaani, anapekua.

Nikarudi kwa muuza mbegu. Wala hakuficha: alikisoma shuleni akiwa mtoto, kitabu cha Kiswahili, akakipenda, akawasimulia wanawe kwa Cigogo kwa sababu mkewe hakujua Kiswahili vizuri. "Na mvua?" Mvua aliiongeza yeye, mwaka mmoja wa ukame, watoto walipouliza kwa nini hainyeshi.

Lugha ya msimulizi si cheti cha kuzaliwa cha hadithi. Safu ya "aliisikia wapi" ilikuwepo, mimi ndiye niliyeiacha wazi kwa furaha.

Kuna jingine lililonikaa kichwani. Ulaya nafasi ya paa inashikwa na paka. Charles Perrault alimchapisha Ufaransa mwaka 1697 akiwa na buti miguuni. Bwana anaoa binti wa mfalme, paka anakuwa mkubwa nyumbani, mambo shwari. Lakini kwa Giambattista Basile wa Naples, aliyechapishwa miaka ya 1630, paka anajifanya amekufa ili ampime bwana wake, na bwana anasema mtupeni dirishani. Paka anainuka, anamlaani, anaondoka zake. Kumbe paa wa Unguja anafanana na paka wa Naples kuliko huyo wa Ufaransa anavyofanana naye. Nani alimpa nani, sijaribu kusema. Nimefuta neno "halisi" kwenye kichwa, nikaandika: "Paa na mvua, kama anavyoisimulia muuza mbegu."

14 Septemba: Namba 1004

Wataalamu wa ngano wana orodha. Mfini Antti Aarne aliianzisha mwaka 1910, Mmarekani Stith Thompson akaipanua mwaka 1928 na tena 1961, Mjerumani Hans-Jörg Uther akaipanga upya mwaka 2004. Visa vingi vinavyojirudia duniani vina namba. Paka na buti zake ni 545B. Sungura na lami ni 175.

Kwa utani tu nilimwomba mwanachuo anitafutie mikia matopeni. Nilijua haimo. Akarudi baada ya siku mbili anatabasamu. 1004.

Huko ni nguruwe. Kijana mjanja aliyepewa nguruwe wa tajiri achunge anawauza, anabaki na mikia, anaichomeka kwenye tope, anakimbia kwa tajiri akilia kwamba mali imezama. Tajiri anavuta mkia, unamtokea mkononi, anaamini mnyama ameshakwenda chini. Katika nchi za Amerika zinazozungumza Kihispania, Chile ikiwa mojawapo, kijana huyo anaitwa Pedro Urdemales. Na kusini mwa Marekani ni Sungura tena, anamdanganya Mbwamwitu kwa mkia wa ng'ombe.

Siku mbili sikugusa kijitabu. Nilijisikia kama mtu aliyetunza kanga ya urithi sandukuni, kisha akaiona imetundikwa mnadani. Mama nilimwambia kwa simu nikitegemea atasikitika. Akauliza, "Hao wa Chile, mji wao unaitwaje?"

"Santiago."

"Haya."

Ilinichukua muda kumwelewa. Nguruwe wa Pedro wanazama na hadithi inaishia hapo, kesho anamdanganya mwingine. Hapa neno la mwongo lilibaki ardhini. Reli ikapita juu yake, mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapo, mwaka 2018 likawa jina la jiji, na leo limeandikwa kwenye tiketi ya treni ya umeme. Pia angalia mnyama. Aliyeweka ng'ombe mahali pa nguruwe hakubadilisha mnyama tu. Ng'ombe kwa Mgogo ni mahari, ni heshima, ni akiba ya njaa. Kumwibia mtu ng'ombe na kumwambia wamezama si mchezo wa kijana mvivu na tajiri wake. Ni habari ya makabila mawili jirani, na ndiyo maana wengine wamehitaji tembo.

Kisa namba 1004 nimekiweka katikati ya kijitabu, kushoto Mvumi, kulia Pedro.

12 Oktoba: Uchapaji, na karatasi 180 zilizokufa

Kabla ya kuchapa nilimpa mzazi mmoja wa shuleni asome. Alipenda yote ila wizi. "Watoto watajifunza nini? Andika waliazima." Nililala nikilifikiria. Ushauri kama huo si mpya. Kwa ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, wakusanyaji wa ngano, katika chapa ya kwanza ya mwaka 1812, mwanamke mwenye wivu anayetaka binti aitwaye Snow White auawe ni mama yake mzazi. Katika chapa ya 1819 amekuwa mama wa kambo. Watoto wa Ulaya wakahifadhiwa na mama wa kambo wa dunia nzima wakaangukiwa. Nimeacha "waliiba". Ukiazima ng'ombe, mikia ya nini?

Sasa mashine. Kijitabu kina kurasa 36 za nusu A4, yaani karatasi tisa zilizokunjwa, na jalada la manila. Mimi najalidi tasnifu za kurasa mia mbili, nikaidharau kazi. Nakala ishirini za kwanza nilizigeuza kwa upande mrefu badala ya upande mfupi, kwa hiyo nyuma ya kila karatasi maandishi yalikuwa kichwa chini miguu juu. Karatasi 180 zikaenda kuwa za kufungia karanga.

Kanuni ya kupanga kurasa: mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima jumla yake iwe idadi ya kurasa ongeza moja. Kwangu ni 37: wa 36 na wa 1, nyuma yake wa 2 na wa 35, na kuendelea hivyo hadi katikati, 18 na 19. Chapa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo uchape nyingine. Najua kila mtu anasema hivyo. Mimi pia huwaambia wateja.

Nimetoa nakala 60.

2 Novemba: Hesabu, na malalamiko ya Mvumi

Rimu mbili za karatasi 26,000. Wino wa printa 25,000. Manila 12,000. Safari tatu za Mvumi: nauli 18,000, bodaboda 12,000, sukari na chai 27,000. Memori kadi 15,000. Jumla 135,000, yaani nimezidisha bajeti kwa 35,000. Nakala kumi na mbili nimewagawia wasimulizi na mwanachuo. Thelathini na moja zimeuzwa kwa 2,500, zimerudisha 77,500. Kumi na saba ziko dirishani karibu na bahasha.

Binti yangu alimpelekea mwalimu nakala. Akaisoma, akanipigia mwenyewe kwa adabu, akasema ameipenda ila mwongozo wa kusahihishia una tembo peke yake. Kosa jekundu liko palepale. Aliuliza kama naweza kuongeza hadithi moja ya kwao, nikamwambia aje jioni.

Kasoro za toleo la pili: herufi. Nilitumia saizi 10 kubana karatasi, na hakuna mzee aliyeweza kusoma hadithi yake mwenyewe. Zitakuwa 14, kurasa ziwe 48, jumla ya kupanga iwe 49.

Mama ilibidi asomewe na mjukuu wake, mimi nikiwa kwenye simu nasikiliza. Alicheka kwenye muuza mbegu, akanyamaza kwa Pedro. Walipofika kwa mzee wa Iringa, pale Wahehe wanapovuta mikia ikatoka mikavu, akamkatiza mtoto.

"Uongo. Haikutoka. Ile mikia ilifungwa mawe kwa chini."

Miaka yangu yote sijawahi kusikia habari ya mawe. Nikamuuliza aliisikia kwa nani. "Andika tu," akasema.

Nimeandika. Msimulizi: mwanamke wa Mvumi. Anayesimuliwa: mjukuu, na Wahehe wote. Lugha: Kiswahili. Aliisikia wapi: hasemi. Wakati: saa saba mchana, na pembe hazijaota.